Waya Mweusi na Mayai Tisini

Dada yangu hufuga kuku, na mumewe ni fundi umeme aliyekwenda kufanya kazi mbali, mwaka wa tatu huu. Kabla hajaondoka alimtengenezea mkewe mashine ya kutotolea vifaranga: sanduku la mbao, balbu, feni, na bodi ndogo inayosoma joto na kuamua kipi kiwake. Bodi ikikosa kipimo cha joto, huzima kila kitu. Ndivyo alivyoipanga.

Shemeji si mtu wa maneno. Akipiga simu husalimu, huulizia kuku, hukata. Lakini mashine ikiharibika ulimi wake hufunguka. Ataeleza waya mmoja mpaka chai yako ipoe. Ndiyo maana dada, peke yake duniani, husikitika mashine ikiwa nzima. Nilimwambia asiyekuwepo na lake halipo, atafute mume mwingine. Akaninunia siku mbili.

Juzi asubuhi chaja ya mashine iliungua, na ndani mna mayai tisini, siku ya kumi na nane. Dada akafunga chaja mbili mpya, moja ya bodi, nyingine ya kipimo cha joto. Kioo cha bodi kikaonyesha nyuzi themanini, kikaonyesha sifuri, balbu na feni vikazimika. Nikayafunika mayai blanketi. Alimpigia mumewe, hakupatikana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikamwambia, tumia akili yako.

Akaitumia. Alifuata nyaya kwa kidole, akapima chaja zote mbili, zote nzima. Kisha akaguna. Nyaya nyeusi za chaja hizo hakuwa ameziunganisha, kila mmoja ulikuwa kivyake, kwa hiyo bodi na kipimo havikuwa na mahali pamoja pa kuanzia kuhesabu umeme. Akaziunga. Balbu ikawaka, feni ikazunguka.

Hapo ndipo shemeji alipopiga. Dada aliweka simu juu ya sanduku, sauti imefunguliwa, akamwambia mashine imekataa kabisa. Nikamkodolea macho. Akaweka kidole mdomoni.

Shemeji akaanza: chomoa chaja, hesabu nyaya, nisomee rangi. Dada alikaa sakafuni, mgongo kwenye sanduku, akiitikia kila waya bila kugusa hata mmoja, machozi yakimtiririka. Alimkumbuka mno mtu yule. Mimi nilisimama na blanketi langu, mwenye kejeli zote, nikitamani na mimi nipate mtu wa kunielezea waya.

Walipofika kwenye waya mweusi, shemeji akaacha kuuliza rangi.

"Nasikia feni," akasema.

Dada akafuta machozi kwa kiganja.

"Inazunguka tangu lini?"

"Tangu kabla hujapiga, Fundi."

Nilingoja akate. Hakukata.

"Basi labda kuna kosa hatujaliona," akasema. "Tuanze tena. Waya wa kwanza."