Diski ya Bikira Maria ya kwa kambo

Miaka yote tunapigiaka wimbo ya mapendo magoti, na leo ndiyo tumejua.

Kwetu kwa komini Kenya, hapana ile inchi, siku ya ukumbusho ya kambo mwanaume, baba ya baba yetu, tunawekaka diski moja ya zamani. Mwanamuke anaimba juu sana, na piano tu nyuma. Tulifundishwa ni Bikira Maria, kwa Kilatini.
Bote magoti chini. Papa Léon, mudogo ya baba, analiaka.

Leo Trésor, mutoto ya shangazi, mwenye alisomea Urusi, alikuwa na sisi mara ya kwanza. Alipiga magoti, kisha akaanza kutetemeka. Nilizani analia.

Kumbe anacheka.

"Ni Kirusi. Anaambia muchumba wake apitie kwa dirisha, mama yake iko analala."

Papa Léon akasimama pole pole, akapangusa suruali.

Tukaangalia kambo mwanamuke. Iko anakula karanga.

"Mi nilijua. Madame mwenye nilikuwa namutumikia aliniachia ile diski. Wakati ya sécession, jimbo yetu ilipojitenga, Barusi balihesabiwa adui, kitu yabo kwa nyumba ilikuwa matata. Basoda ba jeshi bakaingia kupekua, diski inaimba. Nikasema ni Bikira Maria. Mukubwa yabo akavua kofia, akapiga magoti. Na mi nikapiga."

Na hukutuambia, kambo?

"Kambo yenu, mwenye alikuwa anakimbia misa, alitukuta vile. Akapiga magoti na yeye. Hakukosa misa tena mpaka kufa. Ningemuambia nini?"

Sasa munishauri: mwaka kesho tunapiga magoti ao tunabakia kwa viti?

Kambo anasema tupige, lakini tufunge dirisha.