Bi Funguo na Nyumba Isiyo na Mpangaji

Kama uliwahi kupanga nyumba mtaa ule, basi mlango wako ulifunguliwa kwanza na Bi Funguo. Alining'iniza pete kubwa ya chuma kiunoni, na funguo ziligongana kila akipiga hatua, hata watoto wakajua anakuja kabla hajakata kona. Alikuwa dalali wa nyumba na wakala wa bima, na kazi hizo mbili alizifanya kama moja. Akikuuzia nyumba leo, kesho yuko sebuleni kwako na fomu. "Umenunua kuta," atakwambia. "Sasa nunua usingizi." Ukimkatalia atarudi, na ukimkatalia tena atarudi na mwavuli, maana hata mvua haikumzuia mama yule.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Kibanda chake kilifungwa watu walipozoea kutazama saa kwenye simu, akabaki na kisanduku kimoja cha vifaa. Bi Funguo alikiita takataka yenye mfuniko. Alimpenda mumewe, tusimsingizie, ila kisanduku kile kilimkera.

Sasa, muuguzi mmoja mstaafu alikuwa ametia kiinua mgongo chake chote katika nyumba ya vyumba vitatu, ili kodi imtunze uzeeni. Bima alikatiwa na Bi Funguo. Mpangaji akahama, na muuguzi yuko mbali anamuuguza dada yake. Kwenye ile bima kulikuwa na sharti ambalo wawekezaji wengi hulipita bila kulisoma: nyumba ikikaa siku thelathini bila mkazi, kinga ya moto inakatika.

Siku ya ishirini na tano ikafika, mpangaji mpya hajaonekana. Bi Funguo akaomba idhini ya muuguzi, akaiandikia kampuni barua kwamba yeye na mumewe wanahamia pale kwa muda. Kisha akamweleza mumewe mpango wenyewe. Wangeweka godoro moja na kuacha taa ya kibarazani. Jioni wanapita kuiwasha, asubuhi kuizima.

"Hapo itakaa taa," mumewe akasema. "Hakai mtu."

"Wenzangu wote wanafanya hivyo, baba watoto."

"Umeandika tunakaa. Basi twende tukakae."

Bi Funguo alinuna siku mbili nzima. Ana nyumba yake, ana kitanda chake, ahamie kwa watu kama mkimbizi? Lakini mumewe alishaanza kufunga vyungu, na mzee yule akishaamua, hata umwimbie hageuki. Wakahama na jiko, mapazia, ufagio na nguo. Kisanduku mumewe alikatazwa, akakificha ndani ya blanketi.

Haikupita wiki. Bi Funguo anarudi kutoka kazini, anamkuta bibi wa nyumba ya jirani sebuleni, saa ya ukutani mapajani. Kesho yake ni mama muuza mikate na saa yake ya kengele. Meza ya sebuleni ikajaa. "Nyumba ya watu umeigeuza kibanda!" akafoka. Mumewe akamwomba amshikie tochi, na yeye, huku analalamika, akamshikia.

Wiki ya tano tangu wahamie, mchana, Bi Funguo akiwa kiwanjani na mteja na mumewe ametoka kutafuta betri, waya ukashika moto darini. Majirani walikimbia na ndoo. Walipouzima, chumba cha kulala na jikoni kulikuwa kumeteketea: kitanda, nguo, vyungu, vyote. Paa la nyuma lilikuwa chini. Sebule ilibaki, nyeusi kwa masizi.

Muuguzi alifika kesho yake. Hakulia wala hakulaumu. Alikaa juu ya tofali, mkoba magotini, akaitazama nyumba. Bi Funguo angemwona anapiga kelele, angepata nafuu.

Mkaguzi wa kampuni naye akaja, kalamu sikioni. "Moto ulipoanza, nani alikuwa ndani?"

"Hakukuwa na mtu," Bi Funguo akajibu.

"Na barua yako inasema mnaishi hapa."

"Tunaishi."

"Mama, karatasi hata mimi naweza kuandika. Nimezikagua nyumba za namna hii. Godoro moja, taa moja, wakala anapita jioni. Hapa hata godoro silioni."

Mtu yule alikuwa anamsomea Bi Funguo mpango wake mwenyewe, neno kwa neno. Kampuni ikikataa, muuguzi hana nyumba wala kiinua mgongo, na aliyemshawishi kuziamini karatasi zile ni yeye.

Mkaguzi akaingia sebuleni, akainua kitambaa kilichofunika meza. Chini yake, saa kumi na nne. Kila moja ilifungwa kikaratasi chenye tarehe: *Mama wa mikate, inachelewa. Bibi jirani, haigongi.*

"Hizi za nani?"

"Ile ni yangu," akasema bibi jirani, ambaye alishaingia bila kuulizwa. "Imepona?"

"Ulimpa saa mtu usiyemjua?"

"Simjui vipi? Kila asubuhi anafagia hapo nje, ananisalimu, ananiuliza mguu wangu. Saa ya marehemu mume wangu, mwanangu, nimpe mpita njia?"

Mkaguzi akavisoma vikaratasi vyote, kimoja kimoja. Akatoka akaongea na mama wa mikate, akaongea na wengine. Aliporudi, akaandika mbele yao: *Nyumba ilikuwa na wakazi.* Hapo ndipo muuguzi alipolia.

Bi Funguo akamshika mkono. "Dada, usinishukuru. Ingekuwa shauri langu, leo ungelia kilio kingine. Mshukuru huyu."

Mumewe alikuwa anapangusa masizi kwenye kioo cha saa. Alijifanya hasikii.

Mwezi uliofuata nyumba ya mteja mwingine ikabaki tupu, wakahama tena. Bi Funguo alikataa kumwachia mtu kisanduku. Alikipakata njia nzima. Akakiweka mezani, karibu na dirisha lenye mwanga mzuri, kisha akatoka kibarazani na kumsimamisha jirani wa kwanza aliyepita.

"Mwenzangu," akamwambia, "kwako hakuna saa iliyosimama?"