Tulivyompongeza Tantine Odette

Vitunguu virefu vya majani, vile Waswidi wanavyoviita purjo, vikiivishwa kwa siagi kwenye moto mdogo hutoa harufu tamu isiyo na haraka, na kwangu hiyo ndiyo harufu ya ngazi za jengo letu la Tensta, pembezoni mwa Stockholm. Ilitoka ghorofa ya pili kwa jirani yetu, Tantine Odette, yaani shangazi kwa Kifaransa, ikapanda mpaka kwetu ghorofa ya nne, ikamkuta mama yangu jikoni akikoroga unga wake wa kupunguza mwili, uso ameukunja kama aliyepewa mwarobaini. Maskini mama! Alikuwa Mkisii mnene aliyefanya kazi ya kutunza wazee, na kituo cha afya kilimwonya apunguze uzito kwa sababu ya presha. Basi akashinda na njaa mchana kutwa, halafu jioni akamaliza mkate mzima amesimama mbele ya friji. Kisha akalia. Niliyachukia machozi yale.

Tantine alikuwa Mkongo wa Bukavu, mjane, aliyeishi Lyon, Ufaransa, miaka mingi kabla ya kuja Stockholm. Alikuwa mwembamba, na alikula kila kitu: siagi, jibini, mkate, chokoleti. Hilo lilimtesa sana mama. Siku moja akashindwa kuvumilia, akamwuliza anafanyaje. Tantine akacheka, akatukaribisha kwake. "Mama Kerubo, miye sijinyimi kitu," alisema. "Nakula tu kama watu wa kule. Unaketi. Unakula kidogo, kizuri. Halafu unafunga kinywa mpaka saa ya chakula ingine."

Hivyo ndivyo yalivyoanza majira yale ya baridi, nami nikiwa darasa la tatu. Kila Jumamosi tulishuka kwa Tantine. Televisheni ilizimwa, meza ikatandikwa kitambaa hata kama chakula chenyewe ni mayai. Ilitangulia supu, ikafuata sahani ndogo ya samaki au nyama, kisha saladi, kisha kipande cha jibini chembamba kweli kweli, na hakuna kuongezwa. Hakuna kula umesimama, wala kutafuna njiani. Watu waliokimbilia treni na andazi la mdalasini mdomoni aliwatazama kana kwamba wametoka nyumbani bila nguo. Mimi nilipewa mkate na chokoleti saa kumi alasiri, basi, mpaka jioni. Nikibugia chakula, alinigusa mkono: "Polepole, mtoto. Hakuna anayekufukuza." Mama, ambaye kwao kumaliza sahani ni heshima, alijifunza kuweka uma chini na kupiga soga katikati ya mlo. Ule unga akautupa. Sketi zikaanza kumlegea, akawa anaimba akiosha vyombo.

Lakini Tantine naye alikuwa akikonda. Huko kwetu, Kenya na Kongo vilevile, mtu akikonda unamwuliza papo hapo: mbona umeisha hivyo, una nini? Wanawake wa kanisa letu pale Spånga walikuwa wamekaa Stockholm vya kutosha kujifunza kinyume chake. "Haya, Tantine! Hongera! Umerudia usichana!" Wakampigia vigelegele baada ya ibada, wakamwomba siri, naye akatabasamu, akasema ni supu. Mama ndiye aliyempunguzia magauni. Namwona amepiga magoti kwenye zulia, pini mdomoni, akimtania kwamba upepo wa Tensta utamchukua, na wote wawili wakicheka mpaka kushika mbavu. Tantine alipoacha nusu ya supu, mama alinikonyeza nijifunze adabu ya kula. Alipoanza kuiacha yote, tulistaajabu tu: Wafaransa wana nidhamu, jamani!

Mwezi wa nne alianguka ngazini. Hospitalini Flemingsberg wakatuambia ni saratani ya kongosho, imeshaenea. Tulikwenda kumwona, mama amebeba supu kwenye chupa ya chai, na Tantine hakuweza kumeza hata kijiko. Mama akamwuliza kwa nini hakusema kwamba anaumwa. "Mlifurahi sana," alijibu. "Na miye nilifurahi mkisema nimependeza. Nikajiambia labda ni kweli." Alikufa kabla shule hazijafungwa. Siku ya mazishi mama hakusikia pole ya mtu yeyote. Alirudia neno moja, kwamba zile pini alizishika yeye, kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nilikaa chini ya meza ya chai nikalia mpaka nikalala.

Leo nakaa Hjulsta, jirani na Tensta, na meza ni yangu. Tunakula kama Tantine alivyotufundisha, wanangu wakilalamika kwa Kiswidi kwamba nimewanyang'anya simu, na kweli sijawahi kuhangaika na unga wala mizani. Namshukuru kwa hilo kila siku. Ila kanisani wanawake wa rika langu wanapopongezana kwa kukonda, mwili hunisisimka, na pongezi hizo siku hizi ni nyingi kuliko zamani. Mwaka jana kazi ilinizidi nikapungua, na rafiki zangu wakanisifu hata nikavimba kichwa. Nikaenda kwa mama na gauni jipya, nikajizungusha mbele yake. Hakusema nimependeza. Alinishika kifundo cha mkono, akakibana kwa vidole vyake.

"Vaa koti," akasema. "Twende ukapimwe."