Maziwa ya Rubani

Mpaka leo katuni ikisema Kiarabu fasaha naizima. Kiarabu chenyewe hakina kosa; nilichapiwa hicho duksi, chuo cha Kurani, miaka saba, tukazoeana. Kinachonichafua ni usafi wa wale waliokitia vinywani mwa katuni. Mji unaungua, roboti limepasuka katikati, na askari aliyetobolewa kifua anatoa maneno kumi na manne yaliyonyooka kama hotuba ya Ijumaa, ndipo anakufa. Niliyahesabu. Nikarudisha kaseti nyuma, nikayahesabu mara ya pili. Kumi na manne.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, Galbet, mtaa wa Garissa, katika kibanda cha video cha eedo, dada ya baba yangu. Mabati juu, mabati pande tatu, upande wa nne magunia ya chakula cha msaada yaliyoshonwa pamoja. Madawati sita, watu saba kila dawati, wanane kama hakuna mnene. Chini palijaa vijiti vya miraa vilivyotafunwa mpaka vikafanana na mswaki, juu ya vijiti mate ya kijani, juu ya mate miguu mitupu. Nimewahi kulala ndani ya lori pamoja na mbuzi kutoka Garissa mpaka Nairobi, na nasema bila kusita: mbuzi wana adabu ya harufu kutushinda.

Eedo alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na kibanda hicho ndicho kilichowalisha. Wazee wa msikiti walimruhusu kwa sharti moja. Aonyeshe katuni tu, baina ya alasiri na magharibi, na siku itakapotokea picha ya aibu, hata moja, afunge siku hiyohiyo. Ili sharti lisisahaulike walimweka mlangoni maalim aliyenifundisha duksi, kwenye kiti cha plastiki, mgongo nusu kwa tivii. Alidai haangalii. Lakini adui aliponyemelea, yeye ndiye aliyepiga kelele "Nyuma yako!" kabla yetu sote.

Kaseti zililetwa na abti, kaka ya mama yangu aliyefanya kazi Jeddah. Zilikuwa kumi na mbili, kila moja na sehemu mbili, na ya kumi na tatu, ya mwisho, aliahidi kuituma. Hadithi ilikuwa ya Wajapani: katika jangwa lisilo na kisima, kijana na msichana wanaendesha mtambo wa chuma wenye miguu minne na shingo ndefu, wakifukuzwa na jenerali aliyechorwa bila pua. Wajapani waliuita mtambo huo jina lao. Sisi tuliuita ngamia, na ndiyo sababu wachungaji walioleta mifugo sokoni walikuja kukaa na vijana wa mjini na kubishana nao kama watu waliosoma darasa moja. Jambo lililowachukiza ni kwamba ngamia yule hakunywa chochote sehemu ishirini na nne.

Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya stuli kando ya tivii na kufasiri Kiarabu kwenda Kiswahili. Kibandani Wasomali walikaa na Waborana na watoto wa laini za nyumba za polisi, na Kiswahili kilikuwa lugha isiyokuwa ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunikosoa sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Stuli ile niliipenda kuliko nilivyopenda watu.

Mabishano yalianza kabla ya jenereta kuwashwa.

"Rubani ndiye namba moja," anasema mmoja. "Yule haogopi."

"Haogopi kwa sababu hana akili. Jenerali ndiye mwanamume. Hana pua na bado ananusa adui!"

"Nyinyi hamjui kitu," anasema mtoto wa sajini, aliyekuwa kidato cha nne. Kwao palikuwa na mashine ya gemu iliyounganishwa na tivii, na hilo lilimfanya azungumze kama aliyezuru Japani. "Kwa gemu, jenerali kama huyo ni wa kiwango cha tatu tu. Unaruka, unapiga mara mbili, amekwisha. Halafu niwaambie kitu kingine. Hao wawili si ndugu. Ni mtu na mpenzi wake."

Kibanda kilimzomea, na mimi nikaongoza. "Wewe mtoto wa polisi, Kiarabu unakijua? Sauti imesema dada, mimi nimesema dada. Kaa chini ucheze gemu."

Maana watia sauti wa Kiarabu walikuwa wamewafanya rubani na msichana kuwa kaka na dada, na sisi hatukuishia hapo. Kwetu mtu hawi mtu mpaka ajulikane babu zake. Tulikuwa tumeshampa rubani baba, babu na babu wa babu, tukamtajia ukoo mpaka mtu wa saba, na koo mbili zilikaribia kupigana juu ya wa sita.

Aliyeshika udugu ule kuliko wote alikuwa mchungaji wa Kotile, mtu wa makamo, mrefu, aliyekaa daima mwisho wa dawati la pili. Dada yake wa pekee aliolewa ng'ambo ya mpaka, vita vikaja, na tangu hapo hakujua kama yu hai. Alitueleza siku moja kwa maneno machache, kama mtu anayetaja bei na hataki kupunguziwa. Sehemu ya kumi na mbili, rubani alipopotea mchangani na msichana akakaa analia juu ya mtambo, mchungaji huyo alijifunika uso kwa kikoi na kulia mbele ya watu arobaini. Hakuna aliyecheka. Siku ya pili aliniomba niirudie sehemu hiyo, nikairudia, akalia tena.

Sasa niseme uchafu wangu mwenyewe. Nilijua tangu sehemu ya tisa. Msichana alisogeza midomo kwa muda mrefu, naye Mwarabu akasema neno moja tu, "Kaka!" Macho yaliyochorwa pale si macho ambayo mtu humtazamia kaka. Kisha picha ikaruka, kama kitambaa kilichokatwa kwa kisu butu. Nilihesabu mikato ya namna hiyo mara mbili, nikapata kumi na moja. Mtoto wa sajini alisema kweli. Lakini kibanda kilipenda ndugu, na ndugu walijaza madawati, basi nikaendelea kusema dada, dada, dada, kama muuza maziwa anayejua kuna maji ndani.

Kaseti ya mwisho ilifika kwa basi alasiri, watu wakiwa wameshakaa. Abti aliandika kwenye karatasi kwamba ya Kiarabu imekosekana, ametuma ya Kijapani chenyewe. Mwenye akili angeitazama kwanza peke yake. Lakini watu arobaini na nane walikuwa wakipiga mabati kwa viganja, na eedo alisema, "Weka, tutasikia hivyohivyo." Nikaweka.

Kijapani sijui hata salamu. Nilifasiri. Jenerali alisema kitu kirefu, nikasema anatubu. Mtambo ukaanguka, nikasema ngamia amekufa shahidi, na dawati la pili likaitikia kwa dua. Kisha rubani na msichana wakatokea wamevaa nguo nyeupe, watu wakiwarushia maua, naye rubani akamwinamia akambusu mdomoni. Hakuna aliyekuwa amekata chochote. Sekunde tatu.

Halafu sauti kama ya watu waliokanyaga kitu.

"Astaghfirullah!"

"Nabusu dada yake?" Mchungaji wa Kotile alikuwa amesimama, akiropoka Kiswahili chake cha sokoni. "Yeye naoa dada yake?"

Mtu wa dawati la nne alitema mate kuelekea tivii na yakafika. Mwingine alifungua magunia atoke, akarudi kuangalia kama wanaendelea. Maalim aliinuka polepole kutoka kiti chake, na eedo, mlangoni, akashika utepe wa ufunguo shingoni mwake kama tayari ameshapokonywa. Nilimwona usoni. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Tulieni! Sauti inasema si dada wa damu. Rubani aliokotwa jangwani akiwa mchanga."

Nilidhani nimeuza uongo wangu. Kumbe nilikuwa nimesahau niko na watu gani.

"Aliokotwa," alisema maalim. "Sawa. Nani alimnyonyesha?"

Kwa msomaji asiyejua: kwa madhehebu yetu, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano kamili kabla ya kufika miaka miwili ni mtoto wake wa maziwa, na mabinti wa mwanamke huyo ni dada zake. Hawaoani mpaka kiama. Akinyonya mara nne, anaoa. Na katika katuni hiyo, waliokata kila kitu waliacha picha ya mama wa msichana amekaa na watoto wawili wachanga chini ya shela. Nani angemkata mama?

"Lete kaseti za nyuma," alisema maalim.

Tukaziweka moja moja, tukikimbiza picha mpaka penye mama. Magharibi ilikuwa bado, na watu arobaini na nane wakakaa kuhesabu titi lisiloonekana la mwanamke aliyechorwa. Sijawahi kuchukizwa kiasi hicho, na nimeona minada mingi. Watu waligombania kila shela. Sehemu ya tatu, moja. Ya saba, mbili. Ya kumi na moja, tatu. Ya kumi na nane, nne.

"Nne!" nilipaza sauti. "Nimehesabu mara mbili. Nne, na nne ni halali."

"Na ile ya wimbo?" aliuliza mtoto wa sajini, kwa raha kubwa. Kila sehemu ilifunguliwa na wimbo, na katika wimbo mama alikuwepo.

"Ile ni ileile ya sehemu ya tatu. Shela ya bluu."

"Ya wimbo ni kijani," alisema mtu wa dawati la nne.

"Tivii hii kila kitu ni kijani! Hata jua ni kijani!"

"Na wimbo naimba kila siku," alisema mwingine. "Hapo nanyonya mara ishirini na sita."

"Ndugu yangu, mtu akikuonyesha picha ya chakula chako cha jana, umekula mara mbili?"

"Pole pole," alisema maalim. "Kama shela ni ileile, nne. Kama ni nyingine, tano, na hii tuliyoona ni aibu kubwa kuliko zote, na mama huyu anafunga kibanda." Aliinamia kioo mpaka ndevu zikagusa. Kijani kikamwagika usoni mwake. Nilijua hatapata rangi pale hata akikaa mpaka Ijumaa, na mtu mwaminifu asiyejua huchagua lililo salama. Angesema tano.

Eedo hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akinitazama mimi, na sikuweza kustahimili.

"Maalim, acha kuhesabu," nikasema. "Hakuokotwa. Hajawahi kunyonya kwa mama huyo, mtoto wa pili wa kwenye shela simjui ni nani. Kijapani sikielewi, leo yote nimetunga. Na hao hawakuwahi kuwa ndugu. Waarabu walibadilisha ili picha iwe safi, mimi nikaona midomo haifuati maneno, nikanyamaza."

Mtoto wa sajini alipiga dawati. "Si nilisema? Si nilisema, jamani!" Hakuna aliyemtazama.

Maalim alinyooka, akapangusa ndevu vumbi la kioo. "Kwa hiyo ni kijana wa watu na binti wa watu, wameoana."

"Ndiyo, maalim."

"Nguo za harusi nimeziona. Hilo lingine, mgongo wangu ulikuwa kwenye tivii." Akamgeukia eedo. "Kesho ufungue kama kawaida. Lakini huyu asishike tena stuli. Mtu mwenye ulimi huu anaweza kukuuzia kibla."

Eedo aliachia utepe. Alianza kuokota vijiti vya miraa, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya kabla ya watu kutoka.

Wakatoka wakilalamika. Kilichowaudhi sasa haikuwa haramu. "Kumbe mapenzi tu," walisema, kama walioahidiwa nyama wakaletewa mchuzi. "Ngamia afe bure kwa sababu ya mapenzi!" Babu saba tuliompa rubani walitupwa hapohapo mlangoni.

Mchungaji wa Kotile alibaki. Alisimama karibu nami, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, na alisema kwa sauti ya chini.

"Ile sehemu ya kumi na mbili. Msichana nalia juu ya ngamia. Yeye nalia nani?"

"Mchumba wake, walaal, ndugu yangu."

"Na wewe wakati huo najua?"

"Nilijua."

Nje watu walikuwa wakiitana kwenda kutawadha.

"Mimi nakuomba rudia, na wewe narudia," alisema. "Wewe nasimama hapo, natazama mimi. Basi wewe ulikuwa nacheka."

Sikuwa nikicheka. Siku ile nilipoirudia niligeuza uso kwenye mabati kwa sababu macho yangu pia hayakuwa makavu. Lakini nilinyamaza, maana hilo, kati ya yote niliyowahi kumwambia, ndilo asingeliamini.