Upindo wa Gauni la Hariri

Fundi cherehani huyu haangalii nguo kwa mbele. Hata msibani huinua kidogo upindo wa gauni la jirani, akaupapasa kwa dole gumba lililosuguliwa na sindano, kisha akaguna. Mguno mfupi ni sifa. Ukiwa mrefu, fundi wa watu kaumbuka. Siku binti yake alipompeleka makumbusho kutazama maonyesho ya mavazi, alimwonya tangu mlangoni asiguse kitu. Fundi alipita magauni yote mikono iko nyuma, mpaka kwenye moja la hariri. Hapo akavuka kamba ya kuzuia watu, akapindua upindo, akaguna mguno mrefu. "Hili wamelilipua," alisema. Watu wakageuka. Mlinzi akafika. "Mama, hairuhusiwi kushika. Umekuja na nani?" Binti, hatua tatu pembeni, alikikodolea macho kibao cha maelezo. Fundi akamtupia jicho mara moja tu. "Niko peke yangu, baba," akajibu, akaelekea mlango alioonyeshwa. Binti akabaki mbele ya kibao, uso unamuwaka, ndani ya gauni aliloshonewa na mama yake kwa ajili ya siku hiyo, ambalo kwa ndani halina hata uzi mmoja uliolegea.