Bei Iliyokatazwa Kupanda

Selpher aliiweka Kenya nzima ndani ya laptopu moja, na bado kukabaki nafasi ya picha za harusi ya dada yake. Kenya hiyo ilikuwa na wananchi wa aina kumi tu, kuanzia matajiri wa mjini hadi mafukara wa mashambani, na kila aina ilihesabiwa kama mtu mmoja mwenye akili timamu. Ilikuwa na sekta arobaini na mbili, serikali iliyotumia kila senti ya ushuru mahali ilipoahidi, na masoko yaliyofungwa jioni bila nyanya hata moja kuoza. Hakuna aliyemlaumu Selpher kwa kuipenda nchi hiyo. Ile nyingine, iliyokuwa nje ya dirisha la ofisi yao pale Kilimani, ilikuwa na kelele nyingi na haikujibu maswali.

Kazi yake ilikuwa kutumia programu inayojenga uchumi wa nchi kwa hesabu na kuutafutia jibu. Unaiambia nani anazalisha nini, nani ananunua, serikali inakata kiasi gani. Halafu unabadilisha jambo moja, tuseme ushuru, na yenyewe inahangaika mpaka ipate bei zitakazowatosheleza wote kwa mpigo mmoja. Ikishindwa, inajaza skrini maandishi mekundu. Ikifaulu, inaandika mstari mmoja tu kwamba jibu limepatikana, na Selpher huamini. Kanisani kwao Kawangware walichojua ni kwamba anafanya kazi ya kompyuta, kwa hivyo kila Jumapili aliletewa simu zilizokufa.

Mwajiri wake alikuwa Daktari Mwaura, mtu mpole aliyeishi Lavington nyuma ya ukuta mrefu, mwenye mazoea ya kusema "sisi ni familia" kila anapomwongezea mtu mkataba wa miezi sita. Selpher alikuwa ameambiwa ni familia mara kumi na mbili. Mwaka huu mambo yalikuwa tofauti. Mwaura alimwahidi kwamba ripoti ya mahindi ikikubaliwa na mteja, atapata ajira ya kudumu, na pamoja nayo bima ya matibabu inayomgusa hadi mzazi. Mama yake, Philister, alikuwa akitembea kwa kuegemea kuta za nyumba kwa mwaka wa pili sasa. Daktari wa goti alishasema lipasuliwe. Kilichokosekana ni bima tu.

Mteja mwenyewe alikuwa kamati yenye jina refu kuliko kazi yake. Ilitaka kuongeza ushuru wa mahindi yanayotoka nje, na ilikuwa na swali moja tu: unga utapanda kwa kiasi gani? Selpher aliuliza programu. Programu ikajibu kwamba unga hautapanda hata chembe. Sifuri, nukta, sifuri sifuri.

Mtu mwingine angeshtuka. Selpher alikuwa msomi, kwa hivyo alieleza. Aliandika kurasa mbili nzima kufafanua ni kwa nini unga ungesimama huku mishahara ikishuka, kodi za nyumba zikishuka, hata kinyozi akishuka. Kurasa hizo zilikuwa na grafu. Mwaura alizisoma akitikisa kichwa kwa furaha, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshampelekea mwenyekiti wa kamati, mzee Ndegwa, muhtasari wenye sentensi moja iliyokolezwa wino: unga hautapanda.

Jumatano, siku moja kabla ya mkutano, Selpher alishuka River Road kuchapisha nakala ishirini za ripoti. Fundi wake wa siku zote, Kiragu, alikuwa na mashine mbili kwenye ngazi za jengo fulani, moja nzima na nyingine ya vipuri. Alichapa, akabana, kisha akarudi na nakala moja ikiwa wazi kwenye jedwali la bei. Hakuwa na neno na uchumi. Aliogopa kurudishiwa kazi.

"Madam, hebu ona hapa. Kila kitu imeshuka, lakini ya unga ni zero. Mashine yangu ndiyo imeruka ama ni wewe?"

Selpher aliipokea nakala ili amweleze. Alilitazama jedwali kama anayeliona kwa mara ya kwanza, na hapo hapo, katikati ya harufu ya gundi na wino, akajua alichofanya.

Programu za aina hii haziwezi kupima bei zote kwa wakati mmoja. Lazima bei moja isimamishwe, zingine zipimwe kwayo, kama mama anavyowasimamisha watoto kwenye mlango uleule kila mwaka ili aone wamekua kiasi gani. Kwa kawaida Selpher alisimamisha mshahara. Lakini mwezi wa Februari alikuwa amefanya ule mtihani ambao wenzake wote wa kazi hii hufanya: unachukua bei moja, unaifanya mara mbili, na bei zingine zote zikipanda mara mbili bila watu kula zaidi wala kula kidogo, basi mfumo wako ni mzima. Alichagua unga kwa kuwa ulikuwa juu kabisa ya orodha. Mfumo ukafaulu, wakaagiza sambusa ofisi nzima, na katika furaha ya sambusa akasahau kurudisha kipimo kwenye mshahara. Tangu siku hiyo unga ulikuwa ndio mlango, na yeye akaandika kurasa mbili zenye grafu kuthibitisha kwamba mlango haukui.

Aliona aibu iliyompanda hadi masikioni. Alimlipa Kiragu, akamwambia mashine yake haina makosa, akaacha nakala pale pale ngazini na kupanda gari kurudi Kilimani. Alirudisha mshahara mahali pake, akaiachia programu ifanye kazi. Jibu lilipatikana kwa sekunde nne. Ukilinganisha na anachopata mfanyakazi, unga ungepanda asilimia kumi na tatu.

Mwaura alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Fundi wa River Road."

Mwaura akapumua. Hakumtisha wala hakumfokea. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisema kwamba mzee Ndegwa ameipenda sana ile sentensi, kwamba barua ya ajira iko tayari kwenye droo ikisubiri sahihi, na kwamba makosa madogo ya kiufundi yanaweza kutajwa katika toleo lijalo. Kisha akamuuliza mama anaendeleaje.

Selpher alitoka mle ndani akiwa na hasira, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba swali la mwisho lilikuwa la huruma ya kweli. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake akikaza mwendo kutoka jikoni, mkono ukutani, sinia ya chai ikitetemeka. Aliipokea sinia na kukata shauri kwamba kesho atasema.

Na kweli alisema. Alhamisi asubuhi, mbele ya kamati ya watu kumi na tisa, alisubiri Mwaura, aliyekuwa ameagiza zile nakala ziletwe kutoka River Road, amalize kusifu ripoti, kisha akasimama kabla hajapewa nafasi.

"Naomba radhi," alisema. "Hiyo sifuri si matokeo. Nilikuwa nimeuambia mfumo kwamba bei ya unga isisonge, nao ukanitii. Ukweli ni kwamba mwananchi wa mshahara atauona unga umepanda asilimia kumi na tatu."

Mwaura akatazama viatu vyake. Selpher alihisi mzigo umemshuka na bima imeondoka, vyote kwa pamoja. Mzee Ndegwa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

"Kwa hivyo, binti yangu, unasema ukiukataza, haupandi?"

"Kwenye kompyuta, mzee."

"Na hiyo kompyuta haikukataa?"

"Haikukataa. Lakini mishahara ndiyo ilishuka badala yake."

"Hiyo ya mishahara tuiweke kule nyuma, kwa viambatisho," mzee Ndegwa alimwambia karani, naye karani akaandika.

Selpher alijaribu tena. Alieleza habari ya mlango na watoto. Waliupenda sana mfano huo. Mjumbe mmoja aliuomba kwa ajili ya hotuba yake. Mwingine aliuliza kama mafuta ya taa nayo yanaweza kukatazwa, na kama kazi hiyo huchukua muda mrefu. Mwishowe ripoti ilipitishwa kwa kauli moja, sifuri yake ikiwa pale pale, sasa ikiitwa chaguo la kisera. Karani aliandika kwenye kumbukumbu kwamba kamati inamshukuru mtaalamu kwa uwazi wake.

Mwaura alitia sahihi barua ile ndani ya lifti, akiwa ameiweka mgongoni mwa mkoba. Selpher aliipokea. Alijiambia kwamba ukweli ameusema, mashahidi wapo kumi na tisa, na si kosa lake kama hawakuusikia. Yote hayo yalikuwa sahihi, na usiku huo hayakumsaidia kulala. Miezi mitatu baadaye goti la Philister lilipasuliwa, na mama akaanza kutembea bila kugusa ukuta. Usingizi wa Selpher ukarudi polepole bila kuitwa.

Kazi iliyofuata ilikuja Septemba, mteja mwingine, ushuru wa petroli. Mwaura aliingia ofisini mwa Selpher na faili jembamba, akaketi bila kukaribishwa, akamuuliza waanzie wapi.

Selpher aliwasha laptopu, akafungua orodha ya bei, akaweka kidole juu yake.

"Wanataka bei gani isisonge?" akauliza.