Nilipoachwa Beisi ya Tatu

Mpaka leo mtu akinitajia sare, damu inanichemka.

Nilikuwa kidato cha pili, nacheza besiboli ligi ya vijana. Baba alikuwa ameniruhusu hadi mechi ya mwisho pale Bariadi, basi. Tukichukua ubingwa, ningeendelea kucheza; tukiukosa, kila jioni na kila likizo ni mimi na ng'ombe. Hakusema hivyo kwa ukali. Kwetu Zagayu hakuna aliyewahi kuona mtu akilishwa na gongo la kupigia mpira.

Siku hiyo tulikuwa tano kwa tano, mzunguko wa mwisho, zamu yetu ya kupiga. Nilikuwa nimeshafika beisi ya tatu, na hakuna mwenzetu aliyekuwa ametolewa. Kwa asiyeujua mchezo huu: nilibakiza kukimbia kipande kimoja tu hadi nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na ubingwa ungekuwa wetu. Mvua ikamwagika. Mwamuzi akasimamisha mechi, akatutangazia wote kwamba Jumamosi tutaendelea palepale: mabao yaleyale, na mimi beisi ya tatu. Ndivyo kanuni zetu zilivyosema.

Wiki nzima nilimweleza baba hadi akachoka. Mwisho akasema atakuja mwenyewe akione hicho kipande. Jumamosi akamwachia jirani ng'ombe, akanipakia kwenye baiskeli, tukafika shati limemganda mgongoni.

Uwanjani tuliwakuta wenzangu na kocha wamemzunguka ofisa michezo. Mwamuzi alikuwa pembeni, anaangalia viatu vyake. Wapinzani walikuwa wameshaambiwa wasije. Ofisa, mtu wa mpira wa miguu tangu azaliwe, alisema mechi imeisha sare, kila timu pointi moja, na kwa tofauti ya mabao wapinzani ndio mabingwa.

"Mheshimiwa, mechi haijaisha," kocha wetu alisema. "Imesimama tu."

"Imeisha, mwalimu. Kombe nimeshalikabidhi."

Alisema hivyo huku akitabasamu, na tabasamu lile sijamsamehe. Mtu hajui hata beisi ziko ngapi, lakini bingwa anamjua.

Nililia mbele za watu. Baba hakuelewa hata nusu ya maneno yale, ila alielewa kwamba kombe limeshakwenda. Akaniuliza, "Ng'wana wane, ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwonyesha.

"Haya, nenda ukasimame. Ukimbie, nione."

Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, kama kuna mtu ananikimbiza. Hakuna aliyerusha mpira. Wenzangu hawakushangilia. Nikakanyaga nyumbani, nikasimama pale nahema, aibu imenijaa hadi masikioni.

"Ulikuwa umebakiza hapo tu?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Alimtazama ofisa kwa muda, ofisa akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Kisha baba akageuza baiskeli.

"Panda. Ng'ombe hawajanywa maji."